Muhuri wa Bwana Kunambi

Siwema alikanda mikate ya Bwana Kunambi miaka minne kwa laki mbili kwa mwezi, akafukuzwa bila mishahara ya miezi mitatu. Asubuhi moja alipitia ofisi ya kodi, kisha akaenda kiwandani.

"Shikamoo bosi. Nimefuata jasho langu."

"Jasho gani? Mimi sikukuajiri. Ulikuwa unakuja kuota moto wa tanuri."

"Basi niandikie hivyo hivyo, nisikusumbue tena."

Kunambi akacheka, akaandika: "Siwema simjui, sijamlipa hata senti."

"Na muhuri, bosi. Bila muhuri hiyo ni ya kufungia maandazi."

Akaugonga mara mbili kwa furaha.

Siwema akaikunja karatasi, akaitia kifuani. "Asante. Watu wa kodi wanayo nyingine yenye muhuri huu huu, uliyowapa ili faida yako ionekane ndogo na kodi ipungue; inasema unanilipa laki tisa kila mwezi. Nawapelekea na hii, wachague wenyewe ipi ya uongo."

Hakufika getini. Kunambi alimkimbilia akihema, bahasha mkononi.

"Dada yangu, shika! Miezi mitatu, laki mbili mbili."

"Mbili za nini, bosi? Lipa tisa tisa, tuyasahihishe maandishi yako yawe ya kweli."