Mfarishi wa Nakijwa na Mfereji wa Juu

Sindano iliyolala huamshwa na miguu.

Mmeusikia msemo huu asubuhi, shangazi yenu alipomtoa Elihuruma nje kwa kuwa amekwama na hesabu zake, nanyi mkacheka mkidhani anamfukuza. Hakuwa anamfukuza. Endeleeni kumenya njegere niwaeleze, maana mdomo wangu haufanyi kazi mikono yenu ikiwa imelala.

Msemo huo ulizaliwa huku huku milimani Upare, kwa mama mmoja aliyeitwa Nakijwa. Alikuwa fundi wa cherehani, tena fundi hasa, mwenye kasoro moja tu: alipenda vitu vilingane. Hata migomba yake aliipanda kwa kupima kwa kamba. Watu walimtania kwamba kuku wake akitaga yai kubwa leo na dogo kesho, yeye hukosa usingizi.

Binti yake Nambike alikuwa ameolewa ng'ambo ya mlima, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Angerudi kujifungulia kwa mama yake. Nakijwa kwa furaha yake akawatangazia wanawake wenzake kwamba mjukuu atalala chini ya mfarishi, lile tandiko nene la viraka lenye blanketi ndani, na kwamba kila mama wa mtaa ule atakuwa na kiraka chake humo, ili mtoto alelewe na wote. Wanawake wakaupokea mpango huo kwa vigelegele. Huyu akaleta pindo la kanga, yule kipande cha kitenge, mwingine akakata shuka lake la harusi. Wa mwisho kuja alikuwa jirani yake mzee, Bibi Naetwe, na kitambaa chake kilitosha kiganja. Ndicho kilichokuwa kimebaki cha nguo aliyobebea wanawe wote.

Hapo kazi ikakwama. Nakijwa alitaka viraka vya mraba, vyote sawa. Akivikata vyote vilingane na cha Naetwe, ameharibu nguo za watu. Akikiacha kile kidogo, amemwambia mtu mzima kwamba hahesabiwi. Alijaribu kukiongezea kitambaa kingine ili kikue, kikaonekana kama kidonda. Akafumua, akashona, akafumua tena, mpaka nguo zikaanza kutoboka kwa sindano. Mwishowe alivikunja vyote akavisukuma uvunguni mwa kitanda.

Kipupwe kizima hakuvigusa. Akifagia, ufagio ukigusa lile furushi aliurudisha haraka. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona huzuni, maana mimba haimsubiri fundi, na mjukuu wake angekuja kupokelewa na maneno matupu. Akikutana na Bibi Naetwe njiani, alimsalimu huku akitazama chini.

Mvua za kwanza za vuli ziliponyesha, baragumu likapigwa kuita watu kwenye msaragambo. Hiyo ni kazi ya wote, nayo haina tajiri wala maskini: kila ambaye shamba lake hunywa maji ya mfereji hupanda mlimani kuuzibua. Nakijwa alitafuta udhuru, hakuupata. Akachukua jembe.

Ilikuwa asubuhi njema kuliko alivyostahili, ndivyo alivyojiambia. Mibuni ilikuwa imechanua, mlima mzima unanukia. Nyasi changa zilimlowesha miguu mpaka magotini. Alijikuta nyuma ya wengine pamoja na Bibi Naetwe, ambaye alipanda polepole na kuisalimu kila nyumba. Mwanzoni mwendo ule ulimkera. Baadaye akaona kwamba anapumua vizuri, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afunge lile furushi.

Walipofika kwenye ndiva, lile bwawa la juu linalokusanya maji, wakaketi kupumzika. Mashamba yote yalikuwa chini yao, yamelala kwenye mteremko. Nakijwa alikuwa ameipita njia ile tangu utotoni, lakini sikuzote na mzigo kichwani, macho yakitazama mawe. Leo aliketi akatazama.

"Bibi, shamba lako ni lipi pale?"

"Lile pembeni ya jiwe jeupe. Dogo, mbuzi akilala mkia unabaki kwa jirani."

"Na maji yanakutosha?"

"Kwa nini yasinitoshe? Mfereji hauulizi ukubwa wa shamba, mwanangu. Unapinda tu, unanifikia."

Nakijwa akatazama tena. Hapakuwa na shamba lililolingana na jingine, na wala hapakuwa na pengo. Kubwa lilikaa na ukubwa wake, dogo na udogo wake, na mfereji mmoja ulipita kati ukiyashika yote.

"Bibi," akasema, "kitambaa chako nimekificha uvunguni mwa kitanda."

"Nilijua. Fundi akikwepa macho yako, nguo yako haijashonwa. Inuka tuchimbe tope."

Jioni ile Nakijwa hakungoja hata kupika. Alivuta lile furushi, kisha akatoa gauni lake la buluu, lile alilolipenda, akalikata likawa ukanda mrefu. Akaulaza ukanda juu ya blanketi, akauacha upinde unavyotaka, na kando yake akapanga viraka vya wanawake vile vile vilivyoletwa. Palipokuwa na nafasi ndogo, ukanda ulipinda ukakifikia kitambaa cha Naetwe. Cherehani haikuweza mipindo ile, akashona kwa mkono. Alishona akiimba, na siku Nambike alipopelekwa zahanati, mama yake alikuwa akifunga fundo la mwisho.

Mtoto alipoletwa nyumbani, wanawake walijaa chumbani, kila mmoja akitafuta kiraka chake na kumwonyesha mwenzake. Bibi Naetwe alifuata ule ukanda wa buluu kwa kidole, polepole, mpaka alipokipata chake, juu kidogo ya kifua cha mtoto. Akakiwekea kiganja, nacho kikalingana na kiganja. Nakijwa alilia mbele ya watu wala hakuona haya.

Mmoja wao akamuuliza imekuwaje kazi iliyomshinda kipupwe kizima imalizike upesi hivyo. Nakijwa akajibu kwamba uzi alikuwa nao, nguo alikuwa nazo, ila alikuwa ameketi mahali ambapo hakuweza kumwona jirani yake.

Bibi Naetwe, bila kuondoa mkono juu ya mtoto, akasema, "Sindano iliyolala huamshwa na miguu."