Macho ya Yama

Hapo zamani, ninyi mnaopiga miayo hamjazaliwa, palikuwa na mji wa Wahindu chini ya milima. Watu wake waliabudu miungu mingi, lakini waliyemwogopa kweli ni mmoja: Yama, mungu wa mauti, mpanda nyati, mshika kamba. Akikutia kamba yake shingoni, basi, umekwenda.

Katika mji ule Yama aliona kwa macho ya sanamu yake hekaluni. Sanamu ya kwanza ilipoliwa na mchwa, watu waliitosa mtoni kwa heshima zote, wakamwagiza Vishram mchongaji achonge nyingine. Vishram akachonga nyati, akachonga kamba, akachonga masharubu ya kutisha. Yakabaki macho. Macho huchorwa mwisho, na mchoraji humpa mungu mgongo, akitazama kwenye kioo juu ya bega lake. Kwa nini? Kwa sababu mtu atakayeonwa na Yama kwanza ndiye atakayeondoka naye.

Siku ileile ya kuchora macho, Revati, mke wa Vishram, akashikwa na homa kali. Mganga akatikisa kichwa: siku yake imefika. Vishram akamtazama mkewe, akaitazama brashi, akaificha brashi ndani ya gunia la mchele.

"Kama haoni, atamchukuaje?" akasema.

Yama akaja kipofu, anapapasa kuta, nyati wake nyuma. Akabisha hodi. "Hapa ndipo kwa Revati?"

"Hapana, baba, jaribu kwa fundi cherehani."

Fundi cherehani akasema, "Umepotea, baba, jaribu kwa mwalimu." Mwalimu, mtu wa adabu zake, akamshika mkono akamfikisha hadi mlangoni kwa mama mkwe wake. Sijapata kusikia mji wenye ukarimu kama huo.

Siku kumi na moja hakufa mtu. Mji mzima ukacheza ngoma. Hakuna aliyemuuliza Bibi Godavari, mama yake Vishram, aliyelala mkekani mwaka wa nne sasa, miguu imevimba, maumivu hayamwachi hata alale.

"Mwanangu, mchoree macho," aliomba kila asubuhi.

"Mama, nikimchorea atamchukua Revati."

"Na mimi je?"

Vishram akageukia kitanda cha Revati. Inaniuma hata kuisimulia.

Siku ya kumi na mbili, Vishram alipokwenda kisimani, bibi akatambaa mpaka kwenye gunia, akatoa brashi, akajikokota hadi hekaluni. Kioo akakisukuma kando. Akakaa uso kwa uso na sanamu, akaanza kuchora. Revati alikuwa amemwona akitoka. Akaamka na homa yake, akamfuata akipepesuka. Vishram akarudi, akakuta nyumba tupu na gunia wazi, akakimbilia hekaluni. Bibi alipokuwa akitia mboni ya mwisho, wote wawili wakamrukia, kila mmoja akitaka kumkinga mwenzake. Macho yakafunguka. Mbele ya sanamu nyuso tatu, shavu kwa shavu, zikaonwa kwa mara moja.

Yama akaingia, anaona vizuri, kamba moja mkononi.

"Nichukue mimi," akasema Bibi Godavari. "Nimekuomba miaka minne, na macho nimekupa mimi. Hiyo kamba ni zawadi yangu."

"Bibi, siku yako bado miaka saba," akasema Yama.

"Nichukue mimi," akasema Vishram. "Aliyekupofusha ni mimi. Nimewatesa wagonjwa wa mji mzima, wa kwanza mama yangu. Hiyo kamba ni adhabu yangu."

"Waache hao," akasema Revati. "Siku ni yangu, na imefika. Nikibaki nitakuwa naishi siku za mtu mwingine, na mimi si mwizi."

Yama akakaa kizingitini, akashika kichwa. "Tangu dunia iumbwe watu wananielekeza kwa jirani. Leo wanaigombania kamba!" Akamtafuta kuhani wa hekalu amwombe ushauri. Kuhani alikuwa ameshajibanza nyuma ya nyati.

Kamba ni moja. Watakaobaki watarudi nyumbani, watapika wali wa gunia lile, na mkeka mmoja utakuwa mtupu. Msinitazame mimi, Yama akibisha kwangu kuuliza, nitamwelekeza kwenu. Haya, semeni: yule aliyeiomba, yule aliyeikosea, au yule aliyeandikiwa? Je, nani alistahili kamba ya Yama?