Asubuhi Saba za Mzee Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani kama sisi, Bi Pimbi aliishi na watoto wake wanne chini ya jiwe jeusi. Kila alfajiri alipanda juu ya jiwe hilo, akaelekea jua linapochomoza, akainamisha kichwa mara tatu na kumshukuru Muumba.

Jirani yake, Mzee Kifaru, alikuwa na ibada tofauti. Adhuhuri alilala matopeni, kimya kabisa, akiamini kwamba Muumba husikia zaidi penye utulivu.

Siku moja, puu! puu! puu! Kifaru akaja.

"We Pimbi! Kesho navunja jiwe hili. Linanizibia njia ya kwenda matopeni."

"Shikamoo, Mzee. Hii ndiyo nyumba yetu, na ndipo mahali petu pa ibada."

"Marahaba. Ibada gani? Kuinamainama kama kuku adonoaye mtama! Hicho ni kichekesho."

Bi Pimbi akamtazama kwa utulivu. "Basi ijaribu kwa asubuhi saba. Simama kando ya jiwe, uiname mara tatu. Si lazima uamini. Siku ya saba ukisema bado kwamba ibada ya mtu ni ya kuchekwa, nitahama mwenyewe."

"Ha! Nitasema hata siku ya sabini!"

Kifaru alikuwa mlalaji. Hakujua alichokijua Bi Pimbi: kila alfajiri Nyani na jamaa zake kumi na watatu walipita hapo kwenda kisimani.

Asubuhi ya kwanza Kifaru akainama.

"Kwi kwi kwi!" Nyani akaangua kicheko. "Jamani, njooni! Mlima umeinama! Babu, umeangusha nini? Tukusaidie kutafuta?"

Kifaru akauma meno. Asubuhi ya pili, vicheko kumi na vinne. Ya tatu, vivyo hivyo. Ya nne wakamtungia wimbo, na kuanzia hapo wakauimba kwa makofi.

Asubuhi ya saba, Kifaru alipoinama, kitoto cha Nyani kilimrukia mgongoni, tap! Nacho kikainama mara tatu, kikimwigiza.

"Komeni!" Kifaru akanguruma hadi mawe yakatetemeka. "Hamna adabu? Mtu akiwa katika ibada yake hachekwi!"

Nyani wakaacha makofi.

"Rudia, Mzee," akasema Bi Pimbi. "Walioko nyuma hawakusikia."

Kifaru akamgeukia. "Lo! Umenitega."

"Nimekutega. Wewe umechekwa asubuhi saba. Mimi nimechekwa miaka mitatu, yaani asubuhi elfu moja na tisini na tano, na sijakosa hata moja."

"Lakini mimi siamini kwamba Muumba yuko upande wa jua. Siamini hata kidogo!"

"Sikukuomba uamini. Nami siamini kwamba yuko matopeni. Ila adhuhuri watoto wangu wakipita kwako, hunyata. Umewahi kuwasikia?"

Kifaru akatikisa kichwa.

"Sijawahi."

"Basi."

Kifaru akageuka, akalizunguka jiwe, hatua thelathini zaidi, akaenda zake. Hakulirudia tena neno la kulivunja.

Kesho yake Bi Pimbi akapanda jiweni, kifua mbele, kichwa juu. Ilikuwa asubuhi ya elfu moja na tisini na sita. Nyani wakapita na ndoo zao, na safari hii hakuna aliyecheka.

Wanangu, si lazima ukubali imani ya mwenzako ndipo uiheshimu.