Pumzi ya Zumari

Nyie mnaomshangilia mpiga zumari asiyepumua, mmewahi kujiuliza pumzi anaitoa wapi?

Mwinyikombo alipiga zumari kwa utulivu, watu wakapiga miayo. Usiku mmoja zimwi likamtokea, likamwambia, "Nitakupa pumzi isiyokatika, ila nitaichota kwa akupendaye." Akakubali.

Arusi ya kwanza alipiga bila kupumua. Nyumbani mama yake akaanza kukohoa. Ya pili alipiga amelala chali. Mama akashindwa kusimama. Ya tatu alipiga akirukaruka juu ya meza, vigelegele vikaumeza wimbo wenyewe.

Aliporudi, mama alinong'ona kwa shida, "Mwanangu, nipigie ule wa taratibu."

Akaitia zumari kinywani, akaitoa.

"Mama, pumzi ninayoringia ni yako. Niliitoa mimi, ili nishangiliwe."