Chungu Aliyelamba Kiganja

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zilipokwisha kuingia jikoni na kukaa karibu na kinu kama wenyeji, palikuwa na mchoraji mjini Tanga aliyeitwa Mwanamvua. Mdogo wake, Mbwana, alitengeneza programu ya simu ya kufundisha mapishi. Mapishi yalijaa tele, ila programu haikuwa na sura. Akamwendea dada yake.

"Dada, nitafutie nembo. Iwe na kiumbe mcheshi, mtu akifungua simu aone kapata mwenyeji. Na atakayemfanya kiumbe huyo apendwe, huyo ndiye atakayempa jina lake mwenyewe."

Hapo Mwanamvua akatega sikio. Mambo ya majina mnayajua. Bibi akifa, mjukuu hulichukua jina, likaendelea kuitwa uani na sokoni. Mwanamvua hakujaliwa mtoto, na umri ulikuwa umekwenda. Alitaka jina lake libaki likiitwa mahali, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyosema.

Akachora mpishi wa kofia ndefu nyeupe. Mbwana akasema, "Huyu wa hotelini, hanijui." Akachora jogoo anayecheka. Mbwana akasema, "Huyu anacheka nini, naye ndiye kitoweo?" Akachora chungu cha kupikia, mwenye macho na mikono, kajifunga leso. Mbwana akasema, "Huyu namtaka. Lakini kasimama tu kama mgeni. Anafanya nini?"

Chungu anafanya nini? Mwanamvua akaanza kuchungulia majiko ya watu, hata majirani wakawa wanafunika vyakula wakimwona. Akagundua kwamba kila mpishi akitaka kujua chumvi huchota mchuzi kwa mwiko, akaudondoshea kiganjani, akalamba. Hakuna aliyefundishwa, na hakuna asiyefanya. Basi akamchora chungu akionja mchuzi wake mwenyewe, mwiko mkono wa kulia, kiganja cha kushoto mdomoni.

Wakaupeleka mchoro kwenye shughuli ya harusi, wanawake wautazame. Wakacheka, wakaupenda. Ila alikuwapo Bi Hidaya, ambaye hata asali huitafutia kasoro. Akaishika simu, akaikodolea macho.

"Mwenyeji wenu analamba mkono wa kushoto," akasema. "Mkono wa msalani huo. Mimi hanikaribishi."

Kila mmoja akakitazama kiganja chake, maana kila mmoja hufanya vivyo hivyo akiwa peke yake jikoni. Mwanamvua akaudhika, kisha akaona haya, kwa sababu neno lilikuwa la kweli.

Akazunguka nyuma ya nyumba kuwauliza wapishi. Mpishi mkuu alikuwa Bi Siwatu, aliyepika harusi za mji mzima, lakini siku zote hupika nyuma ya pazia, na hakuna aliyejua kwa nini. Mwanamvua hakupiga hodi. Akalifunua pazia kidogo, akachungulia. Bi Siwatu alikuwa anakoroga mchuzi kwa mkono wa kushoto. Akaudondoshea kiganja cha kulia, akalamba.

Mwanamvua akarudi mbio, akageuza mchoro: mwiko kushoto, kiganja cha kulia mdomoni. Bi Hidaya mwenyewe akasema, "Huyu sasa ana adabu." Programu ikaenea, watoto wakawa wanaonja kama chungu, na mama zao nao. Ikafika siku ya kumpa jina. Wakakutana barazani kwa Mbwana.

Bi Siwatu akasema, "Mkono ule ni wangu. Nikiwa mtoto mama aliufunga kamba nisikoroge kwa kushoto. Nimeuficha nyuma ya pazia tangu usichana wangu. Ninyi mmenichungulia, mmenichora, watu wote wameuona. Mkono umekwisha kwenda, basi na jina langu liufuate."

Bi Hidaya akasema, "Mimi siku ile nilichukiwa, na mlinichukia kweli. Ningenyamaza kama wenzangu, chungu wenu angetoka na mkono wa msalani mdomoni, nani angempokea? Wote mlikuwa na macho. Aliyesema ni mimi."

Mwanamvua akasema, "Bi Siwatu, niwie radhi, nilikuchungulia bila hodi. Lakini mkono wako umekaa nyuma ya pazia, na ungebaki huko. Bi Hidaya, kasoro uliiona, dawa yake hukuijua. Chungu nilimzaa mimi. Ninyi mna wajukuu wa kuwarithisha majina yenu. Mimi sina."

Kahawa ikaletwa. Bi Siwatu akanyoosha mkono wa kushoto, akashika kikombe mbele za watu, akanywa bila haraka. Hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo. Mwanamvua akamtazama, na moyo wake ukagawanyika. Alilitaka jina lile kama alivyolitaka mwanzo, na hapohapo hakuweza tena kusema kwamba ni lake peke yake.

Mbwana ameshika simu, kidole kiko juu ya nafasi ya jina. Nanyi mlionisikiliza, msiniambie wagawane, nafasi ni ya jina moja tu. Aliyeuficha mkono wake ukafichuliwa, aliyechukiwa kwa kusema kweli, au aliyechora naye hana wa kumrithi: je, chungu aitwe nani?