Mwenye Mwiko Hagusi Kompyuta

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani hii ya juzi ambayo mama zenu waliiona, wasichana watatu wa chuo kikuu waliishi katika chumba kimoja cha kupanga mjini Iringa. Kaeni vizuri, wanangu, msikilize kwa masikio yote mawili, kwa maana mwishoni nitawaachia kazi.

Wa kwanza aliitwa Mkunde. Mkunde alikuwa na kichwa chepesi. Jibu lilimjia kabla swali halijafika mwisho. Wa pili aliitwa Zulekha. Zulekha alikuwa na mkono safi. Programu aliyoiandika yeye, hata mgeni angeisoma akaielewa. Wa tatu aliitwa Tusekile. Tusekile alikuwa na jicho la kutafuta nyufa. Ukimpa kikombe kipya, kabla ya kusema asante anakigeuza aone chini.

Wote watatu walisomea kuunda programu za kompyuta. Na jioni, wakati wa kupika, walifanya mazoezi pamoja kibarazani, mbele ya majiko yao mawili ya mkaa. Walikuwa na utaratibu wao. Mkunde aliwaza kwa sauti. Zulekha aliandika. Tusekile alishika mwiko, kwa sababu wale wawili waliunguza kila walichopika. Na sheria ilikuwa hii: mwenye mwiko hagusi kompyuta. Kazi yake ni kukoroga na kukosoa.

Jioni moja Zulekha aliuliza, "Majiko mawili, vyungu vingi. Tupange vipi ili tule mapema?"

"Maharage kwanza," akasema Mkunde. "Kinachochelewa kuiva kitangulie. Jiko likiwa wazi, kiwekwe kile kinachofuata kwa kuchelewa."

Zulekha akaandika. Ile orodha ya vyungu vinavyosubiri zamu akaipa jina: maharage. Wakacheka. Tangu siku hiyo, katika kila programu waliyoandika, orodha yoyote ya vitu vinavyosubiri waliiita maharage, kama watu wa nyumba moja wanavyompa paka jina.

Tusekile peke yake hakucheka sana. Alikoroga, akasema, "Kuna mahali hapajakaa sawa."

"Wapi?"

"Sijui bado."

"Basi koroga, usituharibie wali," akasema Mkunde.

Sasa, chuo chao kilikuwa na sharti. Mwanafunzi asiyepata mahali pa kufanya mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo ndefu haingii mwaka wa mwisho. Anarudi nyuma. Wasichana wale waliomba huku, wakaomba kule, wakakataliwa huku na kule. Likizo ikakaribia. Ndipo kampuni moja, iliyokuwa ghorofani juu ya duka la mabati, ikawaita kwenye usaili. Wote watatu, siku moja. Na nafasi ilikuwa moja.

Usiku wa kuamkia siku ile waliahidiana, mkono juu ya mkono. "Atakayetangulia kutoka atawaachia wenzake njia," walisema. Hiyo ni desturi ya wanafunzi wengi: anayetoka chumbani huwaambia walio kwenye benchi alichoulizwa. Walisema hivyo, wakalala. Lakini nawaambia, kila mmoja alilala akiwaza: je, wao wangeniambia mimi?

Asubuhi Mkunde akaitwa wa kwanza. Ndani alikuta mama mmoja mpole wa sauti, mkali wa macho, jina lake Bi Perpetua. Kabla hajafungua swali, Bi Perpetua alisema, "Niahidi kwanza. Swali hili lisitoke nawe mlangoni."

"Naahidi, madam," akasema Mkunde.

Swali lilikuwa hili. Dobi ana mashine mbili za kufulia na mizigo mingi ya nguo. Mingine inakaa mashineni muda mrefu, mingine mfupi. Andika kwenye karatasi programu ya kumpangia kazi ili afunge duka mapema. Mkunde alitaka kucheka. Yalikuwa majiko yao yale yale. Akaandika: mzigo wa muda mrefu utangulie. Akaandika upesi, kwa fujo kidogo, orodha akaiita maharage kwa mazoea, akatoka.

Kwenye benchi la nje ya mlango Zulekha akasogea. "Enhe. Wameuliza nini?"

"Nimeahidi kunyamaza."

"Hata kwetu?"

"Hata kwenu."

Zulekha akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Na jana usiku uliahidi nini, mwenzangu?"

 Mkunde akaenda kusimama kwenye bomba la maji, mwisho wa ukumbi, akawapa mgongo. Na hapo, wanangu, shaka ikaketi kwenye benchi lile katikati ya wale wawili waliobaki, ikajinyoosha.

Zulekha akaitwa. Naye akaombwa ahadi, naye akaahidi. Aliandika programu safi kama shuka lililopigwa pasi. Alipoulizwa kwa nini mizigo mirefu itangulie, alisita, akasema, "Kwa sababu ndivyo inavyokuwa." Orodha akaiita maharage. Akatoka.

Alipotoka alimwona Mkunde bado bombani. Akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akamnong'oneza Tusekile, "Ni majiko yetu yale. Nguo mahali pa vyungu."

Tusekile hakuuliza kitu. Lakini pia hakuziba masikio.

Bi Perpetua alikuwa anakunywa chai, na Tusekile akabaki benchini akiwaza. Aliwaza majiko, akawaza nguo, akalikumbuka lile alilosema, kwamba kuna mahali hapajakaa sawa. Akapaona.

Alipoingia alianza kuandika, maharage na yote, kisha akaweka kalamu chini. "Madam, hii njia ina ufa," alisema.

"Ipi?"

"Ya kutanguliza mirefu. Chukua mizigo miwili ya mablanketi, kila mmoja saa tatu. Na mizigo mitatu ya mashuka, kila mmoja saa mbili. Kwa njia hii mzigo mmoja wa mablanketi unaingia huku, mwingine kule, kisha mashuka yanagawanywa, na mzigo wa tatu unasubiri hadi saa ya tano. Duka linafungwa baada ya saa saba. Lakini ukiweka mablanketi yote mashine moja na mashuka yote mashine ya pili, linafungwa baada ya saa sita."

Bi Perpetua akachukua kalamu, akahesabu. Akahesabu tena. Kampuni yake ilikuwa imewauzia madobi programu yenye njia hiyo hiyo, na hakuna aliyewahi kuuona ufa ule.

"Programu yako iko wapi?" akauliza.

"Sijaimaliza. Siwezi kumaliza kitu ninachojua kina kosa."

 Bi Perpetua alizitandaza kazi zote tatu mezani, akazitazama, macho yake yakawa madogo. Akawaita wote.

"Maharage," alisema, akigusa ya kwanza. "Maharage," akagusa ya pili. "Na maharage. Mimi nimewauliza habari za nguo, ninyi mnanipikia. Nani alimwambia nani?"



Zulekha aliwaza: huenda Mkunde aliniona, atanitaja. Mkunde aliwaza: nikinyamaza nitabeba lawama mimi. Tusekile aliwaza: nikisema, namchoma aliyenisaidia.

"Wewe ndiye uliyetangulia," Bi Perpetua akamwambia Mkunde. "Kwa hiyo umetoka na swali langu. Chukua mkoba wako."

Mkunde akachukua mkoba. "Sikusema kitu, madam."

"Basi nani alisema?"

"Waulize wenyewe."

Alifika mlangoni. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa wakati Zulekha aliposema, "Rudi uketi, Mkunde. Ni mimi. Nilimwambia Tusekile."

"Uliniahidi," akasema Bi Perpetua.

"Nilikuahidi, madam. Lakini hawa niliwaahidi kabla yako."

"Na haya maharage?"

Wakamweleza habari za majiko na mwiko. Bi Perpetua alisikiliza akiwa amekunja mikono, na sijui kama aliamini. Mwisho alisema, "Nafasi ni moja. Kichwa ni cha huyu, mkono wa huyu, jicho la huyu, nami siwezi kuajiri chungu kizima. Tokeni nje. Mmoja arudi, wawili waende zao. Mkirudi wawili, namwita mtu mwingine kabisa."

Wakatoka. Benchi lilikuwa lile lile, lakini safari hii waliacha nafasi kati yao.

Mkunde akaanza. "Maharage kwanza ni wazo langu. Bila hilo hakuna aliyekuwa na la kuandika mle ndani. Tena mimi peke yangu nimetoka na mdomo wangu mzima."

"Mzima kwake," akasema Zulekha. "Kwetu ulivunjika. Ulikuwa tayari sisi tuingie gizani."

"Ningefanyaje? Kaniapisha mtu mzima."

"Na sisi tulikuwa watoto? Sikiliza. Kazi yangu ndiyo pekee ambayo dobi angeweza kuitumia leo hii. Yako ni fujo, ya Tusekile ni nusu. Na nilipoona unafukuzwa kwa kosa langu nilisema. Ningekaa kimya, ungekuwa njiani sasa hivi."

"Ulisema nikiwa nimeshika kitasa," akasema Mkunde. "Mbona hukusema nilipochukua mkoba?"

Zulekha akatazama chini. 

Tusekile akasema taratibu, "Njia yenu ninyi wawili ina kosa. Mnagombania chungu kilichotoboka. Mimi ndiye niliyeonyesha tundu, na hata mwenye kampuni hakuwa analijua."

"Uliliona ukiwa benchini," akasema Mkunde, "kwa muda uliopewa kwa mnong'ono. Ungeliona ukiwa umekaa mbele ya yale macho?"

"Nililinusa tangu jioni ile. Ukaniambia nikoroge."

"Kunusa si kuona. Ungeliona?"

Tusekile akafikiri. Alikuwa mtu asiyeweza kupita juu ya ufa, hata ukiwa wake mwenyewe. "Sijui," akasema. "Na sasa sitajua kamwe."

"Tena mwenzako aliposimama kukiri," akasema Mkunde, "wewe ulikuwa wapi? Sikio lililopokea lilikuwa lako."

"Muache," akasema Zulekha. "Nilimwambia mimi, hakuniomba."

"Hakuomba, lakini alipokea."

 Chini, dukani, watu walikuwa wanapakia mabati, na kila bati lililotua lilitoa mlio. Kila mmoja aliwaza mwaka wa kurudi nyuma. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, akijiuliza kama huyu ndiye yule aliyemjua pale kibarazani. Hakuna aliyeinuka, maana aliyeinuka angekuwa amejichagua. Hakuna aliyesema "nenda wewe", maana angeulizwa anaficha nini.

Mlango ukafunguka. Bi Perpetua akasimama pale, mkono kwenye kitasa.

"Haya. Nani anaingia?"

Wanangu, mimi nimewapikia tangu mwanzo. Sasa mwiko ninawapa ninyi, na mwenye mwiko mnaijua kazi yake. Yupo Mkunde, aliyeleta wazo na kumtunzia mgeni ahadi huku akiwavunjia wenzake. Yupo Zulekha, aliyeimaliza kazi vizuri, akamvunjia mgeni ahadi na kukiri kwa kuchelewa. Yupo Tusekile, aliyeuona ukweli ambao hakuna aliyeuona, kwa mwanga ambao hakustahili kupewa, na akanyamaza. Mlango uko wazi, mama yule anangoja. Je, katika hao watatu, nani ainuke kwenye benchi?