Fundi Marselina na Skrubu ya Mita

Kipimo hakibembelezwi, tundu huzibwa.

Mmeisikia kwa fundi mkuu asubuhi, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwapo.

Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kidogo cha chanjo ya kuku, nje ya mji wa Singida. Chanjo ile ilikaushwa ndani ya mtungi mkubwa wa chuma. Pampu ilifyonza hewa, na mita ya umeme iliyofungwa ukutani ilionyesha kwa namba hewa iliyobaki. Namba isiposhuka, chanjo haikauki sawasawa, na ikifika vijijini haina nguvu ya kumkinga hata kifaranga.

Mwaka huo mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulikuwa umeingia vibaya. Kina mama walikuwa wakizika kuku kwa matenga. Wakati huohuo namba yetu ikagoma kushuka.

Meneja, Bwana Kilasara, aliamua palepale kwamba mita ni mbovu. Akamwita Marselina Ntandu, fundi wa mitambo, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi.

"Fungua hiyo mita," akamwambia, "zungusha skrubu ya ndani mpaka namba ishuke. Magari yanaondoka saa nane."

Marselina akaifungua, lakini skrubu hakuigusa. Akapuliza vumbi, akakaza nyaya, akasafisha miguu ya plagi. Namba ileile. Akachomoa kichwa cha kupimia kilichokuwa kwenye mtungi, akafunga kipya kutoka stoo kwangu. Ileile. Kisha akakipeleka kile cha zamani kwenye pampu ndogo ya majaribio, akakiunga tena na mita. Namba ikateremka mpaka chini kabisa.

"Mita ni nzima, meneja," akasema. "Mtungi unavuja."

"Nimesema zungusha skrubu."

"Nimesikia."

"Sasa unangoja nini?"

"Sizungushi. Namba itashuka, lakini hewa itabaki humohumo ndani."

Bwana Kilasara akapandisha sauti, wafanyakazi wote tukageuka. "Wewe ni fundi au hakimu?"

"Ni fundi. Na wewe unataka nikibembeleze kipimo kiseme unachopenda. Kipimo hakibembelezwi, tundu huzibwa."

Akachukua chupa ya spiriti, akawa anadondoshea kwenye maungio ya mtungi, moja baada ya jingine, macho yake kwenye mita. Maungio ya bomba, kimya. Vali, kimya. Alipofika kwenye mpira wa mlango, upande wa chini, spiriti ikafyonzwa ndani na namba ikaruka. Akaufungua mpira ule, akatuonyesha ufa mdogo kama unywele.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Mpira ulibadilishwa, lakini trei tatu za chanjo zilikuwa zimekwisha kukaushwa mtungi ukivuja na kuwekwa stoo kwangu, na meneja alitaka ziende. Marselina akafungua daftari la mitambo, akaandika "Hazifai", akatia sahihi.

Bwana Kilasara akaing'oa karatasi ile. Akamgeukia Hamduni, fundi msaidizi, mtu wa makamo mwenye watoto sita, aliyekuwa hajawahi kumbishia mtu yeyote pale kazini. "Wewe andika kwamba mita ilikosea, na trei ni nzima. Halafu zungusha hiyo skrubu, mkaguzi akija aone kweli mita ilirekebishwa."

Hamduni akashika bisibisi. Akaiweka mezani taratibu.

"Kipimo hakibembelezwi, bosi," akasema. "Tundu huzibwa."

Meneja akamwacha hapo. Kisha akanijia mimi. "Mzee Labani, lete funguo za stoo. Nitazipakia trei mwenyewe."

Wanangu, nilikuwa nimebakiza miezi saba nistaafu. Nilimtazama Marselina, hakuniomba kitu. Nikafunga stoo, funguo nikazitia mfukoni.

"Kipimo hakibembelezwi," nikamwambia.

Saa nane magari yaliondoka matupu. Wote watatu tulipewa barua za onyo, na yangu ninayo hadi leo. Mkaguzi alipokuja, trei zile zilichomwa moto, na chanjo iliyokauka kwenye mtungi uliozibwa ilitoka wiki iliyofuata. Tangu siku ile, yeyote aliyeamriwa kiwandani kupamba namba alijibu kwa maneno yaleyale, hata kama aliogopa barua.

Kwa hiyo mkiambiwa mpendezeshe hesabu na huku mnauona ufa, msicheke. Semeni: kipimo hakibembelezwi, tundu huzibwa.